Ubeti wa Wifi

Chumba cha Masikio kimebandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini, na juu ya trei vimegandishwa vipande vya godoro, ili sauti ikitoka mdomoni isirudi. Mtu ukigombana humo ndani ni kama unatupa mawe kwenye pamba. Nasema hivi mapema ili uelewe kwa nini asubuhi ile nilipiga kelele kuliko kawaida yangu, na kawaida yangu yenyewe si ndogo. Majirani wa tangu utotoni ni mashahidi.

Masikio ni fundi wetu wa sauti. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu zile spika za kichwani hazivui, hata akila, hata akienda kunawa. Tulikuwa watatu: yeye kwenye kompyuta, mimi kwenye stuli iliyovunjika mguu mmoja, na wifi yangu kwenye kochi pekee, maana wifi yangu kochi hulinusa hata likiwa mtaa wa pili.

Huyu ni mke wa kaka yangu mkubwa. Tumeimba pamoja miaka kumi na minne. Mimi ni mwenye ngoma na mwanzishaji, yeye ni mwitikiaji, na sitamwonea: sauti yake ikipanda, mtu mwenye meno mabovu husahau kuwa yanauma. Tunaimba nyimbo za bibi zetu, za kupepeta, za kupalilia, za kubembeleza mtoto asiyetaka kulala. Miaka yote hiyo tuliimbia sherehe za watu na mikutano ya watu, hakuna aliyetuwekea hata kinasa sauti cha mfukoni. Mwaka huu ndipo tulipopata ziara ya miji tisa, ya kudonoadonoa, mji mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, na Masikio akatufuata na mitambo yake anarekodi kila onyesho. Kutoka humo zichaguliwe nyimbo kumi na mbili, iwe albamu. Ya ukumbini hasa. Masikio aliapa hatakata wala kubandika. Mtu akikohoa, kikohozi chake kitaingia, na Mungu amponye.

Wimbo hauingii kwenye orodha mpaka sisi wawili tuweke sahihi. Asubuhi ile orodha ilikuwa na sahihi kumi kumi. Ukabaki wimbo wa kumi na moja, Jibizano, na ule wa kufungia.

Nilikuwa nimekuja kuukataa.

Jibizano ni wimbo wa kutukanana. Anaimba mmoja ubeti wa kumsema mwenzake, mwenzake anajibu, ngoma inakwenda, mpaka mmoja akose la kusema. Ngoma ikizunguka mara nne hujajibu, umeshindwa, unazomewa, unakunywa maji, maisha yanaendelea. Ila kuna sheria moja, na waliotufundisha walitufinya masikio mpaka ikaingia: mseme mwenzako kwa uongo mtupu. Mwembamba mwite pipa. Mtu wa dini mwite mlevi. Tusi la kweli ni kisu, na kisu hakipandi jukwaani.

Kwa mfano wifi yangu huamka kabla ya jogoo, na kaka yangu mikononi mwake amenenepa hadi anaingia mlangoni kwa ubavu. Kwa hiyo katika mji wa saba, ukumbi umejaa mpaka madirishani, nilimwimbia hivi:

Wifi yangu ni mvivu, hulala hadi jioni,
Chai apika majivu, sukari i mdomoni,
Kaka kawa kama wavu, upepo wapita ndani.

Watu wakaanguka. Mzee mmoja wa mbele alipiga goti lake kana kwamba ni goti la jirani. Na hapo, ngoma yangu ikiwa mzunguko wa tatu, wifi akanijibu:

Mchana simu yalia, mama yuko kitandani,
Akajibu: Naimbia watu wangu ukumbini,
Ngoma ilipotulia, mama yuko kaburini.

Mikono yangu ilisimama yenyewe. Mama yetu, wangu na wa kaka, alifariki siku ya onyesho letu la kwanza la ziara hiyo. Mimi nilikuwa jukwaani, mji wa mbali, saa sita kwa basi. Kila mtu wa kwetu anajua sikuwepo. Ila kati ya kujua na kuimbiwa mbele ya watu mia tatu wanaocheka kuna umbali, na wifi yangu aliuruka kwa mguu mmoja.

Aliniomba radhi siku ileile. "Ulimi hauna mfupa, wifi. Nilikosa ubeti, nikashika kilichokuwa karibu." Nikamwambia yamekwisha, yaani hayajakwisha. Kwa mwezi mzima tukawa tunaongea mambo ya nauli na sauti tu.

"Mimi huu siweki sahihi," nikamwambia Masikio. "Tuingie wa kumi na mbili."

"Dada yangu." Masikio akazungusha kiti. "Nimerekodi maonyesho yote tisa. Huu ndio roho ya albamu. Watu walisimama!"

"Walisimama," wifi akadakia kutoka kochini. "Wifi, mimi nilishaomba radhi. Kwani tutautupa wimbo mzuri kwa sababu ya ubeti mmoja? Sisi si watoto."

"Wewe si mtoto. Mtoto angechapwa."

"Haya, nichape basi, halafu usaini."

Hapo nikacheka. Ndiyo ubaya wangu, hata nikiwa nimekasirika mzaha mzuri siuachi upite bure. Na kwa kuwa nimecheka, nikalegea kidogo. Nikamwambia Masikio acheze nisikie mara moja, maana tangu siku ile sijausikia, na mtu asihukumu chakula kwa harufu.

Akacheza.

Jukwaani husikii maneno, unasikia kipigo. Siku ile nilisikia "mama" na "kaburini" na kicheko, basi, damu ikajaa masikioni. Lakini pale kwenye stuli, saa tatu asubuhi, nimeshakunywa chai, maneno yalikuja moja moja kama watu wanaoshuka garini. Mchana. Simu. Yalia.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu nilimtazama wifi. Alikuwa anakagua kucha zake.

Simu zetu zote mbili hukaa kwenye mkoba wake tukiwa kazini, kwa sababu mimi siku ya onyesho tangu asubuhi ninashughulika na ngozi za ngoma, kuzianika, kuzikaza, kuzianika tena, mikono yote mafuta. Siku aliyofariki mama, onyesho lilianza saa nane mchana. Tulishuka jukwaani saa kumi na moja. Ndipo wifi akanishika bega nyuma ya pazia: kaka amepiga simu sasa hivi, mama hatunaye. Sasa hivi. Nakumbuka neno hilo kuliko ninavyokumbuka umri wangu.

"Wifi," nikamwita taratibu. "Simu ililia saa ngapi?"

"Simu gani tena?"

"Hiyo uliyoiimba."

"Jamani, ubeti huo! Nilikuwa natafuta kina."

"Kina chako ni 'yalia'. 'Jioni simu yalia' kina ni hichohicho na mizani ni hiyohiyo. Umeimba miaka kumi na minne, hujawahi kuchukua neno kwa bahati mbaya. Saa ngapi?"

"Wifi, usianze."

"Na nani alijibu kwamba anaimbia watu wake ukumbini?"

Masikio akavua spika kichwani. Mwenyewe. Nikajua mambo yamekuwa makubwa. "Ngoja niwaletee chai," akasema, anatafuta viatu.

"Kaa," nikamwambia. "Wewe ndiye mwenye ushahidi."

Akakaa na kiatu kimoja.

Wifi alijaribu kila mlango. Kwanza alicheka. Kisha akasema ninamfanyia hivi kwa sababu wimbo umempandisha yeye zaidi yangu. Kisha akaja na lile lililonimaliza: "Na isitoshe ni uongo, wifi! Wewe hukusema hivyo. Nilifuata sheria."

"Ndiyo, sikusema. Ila wewe ulisema. Ulimwambia nani?"

Akarudi kwenye kucha zake.

Nikamkumbuka kaka pale makaburini. Nilifika alfajiri kwa basi la usiku, nguo ileile ya jukwaani, nikamwangukia, na yeye akanishika kwa vidole viwili kama anashika sufuria ya moto. Akaniuliza, "Wimbo uliisha salama?" Nikadhani ni kuchanganyikiwa na msiba. Tangu siku hiyo, miezi minne, nikimpa shikamoo anakohoa. Mimi ni mdogo wake wa pekee, alinibeba mgongoni tukienda shule, na marahaba yangu nilikuwa siipati. Niliwaza labda ana madeni ya moyo ya kwake, kila mtu analia kivyake. Kumbe nilikuwa nimeshitakiwa na kuhukumiwa, kilichokosekana ni kuniita tu.

"Ulimwambia kaka kwamba mimi nimesema namaliza kuimba kwanza."

Wifi akaanza kulia.

"Usilie. Hapa kuta hazirudishi kitu. Sema."

Akasema. Kaka alipiga saa sita mchana kwenye simu yangu, akaipokea yeye. Mama amezidiwa, anamwita binti yake, mwambie apande basi la saa saba. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi nimeegemeza ngoma juani. Hatua arobaini, kwa mdomo wake mwenyewe. Alizitembea hatua thelathini, akanikuta nacheka na walinzi wa mlango, akageuka.

"Ilikuwa siku ya kwanza ya kurekodi, wifi. Mitambo imeshafungwa. Watu wameshaanza kuingia. Miaka kumi na minne tumengoja siku ile, wewe na mimi, siyo mimi tu! Ningekuambia usingeimba."

"Nisingeimba."

"Basi. Na ingekuwa ndio mwisho wa ziara, mwisho wa kila kitu. Kaka yako akapiga tena saa saba na nusu, anauliza mbona hajapanda basi. Nikaona nimeshachelewa kusema kweli. Nikamwambia... nikamwambia hivyo. Nikajua mama ataamka tu, si alikuwa ameshazidiwa mara mbili akaamka? Na hata ungeondoka, wifi, alifariki saa kumi. Basi ni saa sita za barabara. Usingemkuta! Hesabu mwenyewe, usingemkuta!"

Nimepigwa na maisha vya kutosha, sijisifu, kila mtu ana makovu yake. Nimefukuzwa nyumba ya kupanga, mume nimeondokewa naye akiwa mzima wa afya, ila akiwa na mwingine. Vyote hivyo nimevigeuza kuwa mizaha, na watu wamecheka. Nilitafuta mzaha wa kumjibu wifi. Nikapekua kila mfuko. Hakukuwa na hata mmoja.

"Nisingemkuta," nikasema, na hapo ndipo nilipopiga zile kelele. "Ningekuwa NJIANI! Mama angeuliza, wangemwambia yuko njiani! Unajua tofauti ya kufa ukiambiwa mtoto yuko njiani na kufa ukiambiwa anaimba? Unaijua? Ulimpikia uji miaka yote ile, alikuita mwanangu, ukamtumia ujumbe gani wa mwisho, wewe?"

Masikio alikuwa ameshika kile kiatu cha pili kifuani kama mtoto mchanga.

Nilichukua mkoba wa wifi kutoka kochini, nikautikisa juu ya meza, vikamwagika vipodozi, pipi za koo, funguo, na simu mbili. Nikampa ya kwake. "Mpigie mumeo. Weka spika."

"Wifi, ataniacha."

"Hilo ni lake. Piga."

"Nitamwambia nyumbani. Naapa. Nikifika tu."

"Hatua thelathini ulishatembea siku ile. Hizi kumi utazitembea mbele yangu."

Alipiga. Kaka ni seremala. Simu ilipopokelewa tulisikia kwanza msumeno wa umeme, halafu ukazimwa. "Vipi, mke wangu? Mko wapi?"

Nitampa haki yake: alisema yote. Alianza kwa kuzunguka, nikainua kidole, akanyoosha. Simu saa sita. Hakuniambia. Maneno yale yalikuwa yake. Kaka hakumkatiza hata mara moja. Mwisho tukasikia tu mtu akiweka mbao chini, moja, kisha nyingine, kana kwamba anatafuta pa kukaa.

"Dada yangu yupo hapo?" akauliza.

"Nipo. Shikamoo."

"Marahaba." Akarudia: "Marahaba, mdogo wangu. Marahaba. Nisamehe."

Ungetegemea nilie. Nami nilitegemea hivyo. Akaendelea: "Mama nilimwambia. Aliuliza, nikamwambia unamaliza wimbo. Unajua alisema nini? Alisema, muacheni amalize, huyo akianza kitu hapendi kukatizwa. Akatabasamu."

Hapo hasira niliyodhani nimeimaliza yote kwa wifi ikanyanyuka upya, na safari hii ilimwelekea kaka.

"Lini ulitaka kuniambia?"

"Nini?"

"Neno la mama. Ni langu hilo. Alilisema juu yangu, ukalikalia miezi minne kama kuku aliyekalia yai bovu! Kaka, nimekuja kwako mara ngapi? Nimekaa kwenye benchi lako, nimekunywa maji yako. Hukuniuliza. Mara moja tu ungeniuliza, 'Hivi kweli ulisema hivyo?' Ungenitukana hata! Ungenirushia nyundo, ningejua kuna jambo! Wewe ulikohoa."

"Aliyeniambia ni mke wangu..."

"Na mimi ni nani wako? Umenibeba mgongoni miaka yote ile, hukujua umebeba nani?"

Nikamwambia nitakuja Jumapili, asinichinjie wala asinipikie, atanisimulia siku ile ya mama tangu asubuhi mpaka saa kumi, neno kwa neno, bila kuruka hata kikohozi. Akasema sawa. Nikakata simu mimi, maana ni mkubwa wangu na nilikuwa karibu kumvunjia heshima zaidi ya nilivyokwisha kuivunja.

Wifi alikuwa ameinama, anaokota pipi za koo chini ya meza. "Tuutoe huo wimbo," akasema bila kuinua kichwa. "Ulikuwa unataka utoke, utoke. Masikio, ufute kabisa."

Ajabu ya binadamu. Nusu saa iliyopita ulikuwa roho ya albamu.

Nikafikiri. Ukitoka, wifi yangu analala salama, hakuna atakayesikia. Ukiingia kama ulivyo, watu mia tatu watamcheka mama yangu kwenye kila nyumba yenye redio, na wale niliosoma nao watasema eti aliitwa akakataa, tena amesaini mwenyewe. Nikasogeza stuli mpaka kwenye kompyuta.

"Masikio, nikisha kuimba ubeti wangu, watu wanacheka. Sivyo?"

"Wanacheka sana."

"Halafu ubeti wa wifi, halafu wanacheka tena, halafu mimi nanyamaza. Ninanyamaza muda gani?"

Akaangalia mistari yake. "Sekunde kumi na tisa. Ngoma nayo imekatika. Kuna mama anasema 'jamani'. Kuna kiti. Halafu wewe unaanza wimbo mwingine."

"Toa ubeti wa wifi. Kicheko changu ukiunge na ule ukimya."

Masikio alinitazama kama nimemwambia amkate mtoto kidole. "Dada, niliapa sikati. Hii ni rekodi ya ukumbini. Na tena..." Akamtazama wifi, akanitazama mimi. Alikuwa ameshaelewa. Kazi yake ni kusikia.

"Kata mahali pamoja tu. Mengine yote yabaki, pamoja na aliyekohoa."

Alifanya. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuvaa kile kiatu. Kisha akacheza, kwenye spika kubwa: mimi namwita wifi mvivu, kaka amekuwa wavu upepo wapita ndani, ukumbi unaanguka kwa kicheko. Kicheko kinashuka. Ngoma inasimama. Inangoja. Sekunde tano, sekunde kumi. Kiti kinalia. Watu mia tatu wanamngoja mwimbaji mwenye sauti inayotuliza meno, na mwimbaji hana neno. "Jamani," anasema yule mama, kwa huruma kabisa. Kumi na tisa. Kisha ninaanza wimbo mwingine, kama mshindi anavyostahili.

Wifi alikuwa amesimama. Vipodozi vimemtiririka hadi kidevuni. Kwa miaka kumi na minne hajawahi kushindwa Jibizano hata mara moja, si mbele yangu wala mbele ya mwingine, na hilo alikuwa analisema kabla hajakuambia jina lake.

"Watu watasema nilikosa jibu," akasema.

"Watasema."

"Kila atakayeusikia. Miaka yote."

"Ndiyo."

"Wifi, hiyo siyo kweli."

"Au turudishe ubeti wako? Masikio, bado unao?"

"Ninao," akasema Masikio, kwa sauti ndogo.

Nikaweka sahihi yangu ya kumi na moja, nikaisogeza karatasi ukingoni mwa meza upande wake, kalamu juu. Alisimama hapo muda ambao ngoma ingekuwa imezunguka mara nyingi kuliko nne. Kisha akaegemeza mkono, akasaini, akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka, akakaa tena kochini.

"Wa kumi na mbili," nikamwambia Masikio. "Cheza."